Mpira wa Chini ya Gongo

Kijana wa duka la vifaa vya hospitali aligeuza gongo langu, akatazama chini yake, akanirudishia. "Bibi, hayo yakifika hapo unanunua jozi nyingine," aliniambia. Nilikuwa nimemwomba mpira wa chini tu, ule unaokanyaga ardhi, kwa kuwa wangu ulikuwa umelika upande mmoja hadi bomba la alumini likaanza kugonga sakafu. Shikamoo alinipa, kiti alinipa, na alinijibu kwa adabu zote. Ila hakujua kwamba mpira huisha mapema kuliko gongo, kwamba hubadilishwa, na kwamba katika jiji hili hili la Dar es Salaam alikuwepo mtu aliyeutengeneza kwa mkono huku mteja amekaa pembeni anakunywa kahawa. Kijana huyu hakuwa amezaliwa wakati huo. Ninaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya wote wanaouza, wanaojenga na wanaosafirisha watu mjini hapa bila kujua wenzao wa magongo tumeishi vipi humu.

Polio ilinipata mwaka 1965, nikiwa na miaka mitatu. Mama alisimulia kwamba ilianza kama homa ya kawaida, kisha asubuhi moja akaniita nami nikashindwa kusimama. Mguu wa kushoto haukurudi kabisa. Wa kulia ulirudi nusu. Kadi ya kliniki, ambayo mama aliihifadhi ndani ya sanduku la bati pamoja na kanga zake za harusi, ina mhuri wa 1968, mwaka niliopimwa chuma cha mguu. Tarehe hizo zinatosha kuanzia. Yanayofuata nitayaeleza kwa mpangilio wa kumbukumbu, maana siku ya mtu wa magongo hupimwa kwa sakafu, ngazi, mvua na watu anaokutana nao.

Fundi aliyenitengenezea magongo ya kwanza alifanyia kazi Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, kwenye baraza ya nyumba ya Kiswahili iliyoezekwa bati lenye kutu. Alikuwa Mrufiji, mwembamba, na kofia yake haikukosa unga wa mbao. Sisi watoto tulimwita Babu Fundi. Jina lake halisi sitalitaja, kwa kuwa wajukuu zake wapo na sijawaomba ruhusa. Kazi yake hasa ilikuwa vitanda na milango. Magongo yalimjia kwa kuwa mafundi wengine wa mtaa ule hawakutaka kusumbuka nayo: kazi nyingi, fedha kidogo, na mteja anayerudi kila mara.

Harufu ya baraza ile naijua mpaka leo. Chini kabisa kulikuwa na maranda ya mninga, harufu ya upole inayokaa kwenye nguo hadi jioni. Juu yake gundi iliyochemka ndani ya kopo la maziwa, kwenye jiko la mkaa. Na juu ya zote, mpira wa tairi ulioungua. Jirani yake aliuza kahawa chungu na kashata, kwa hiyo upepo ukigeuka, tangawizi ilipita katikati ya moshi. Mama alinipeleka kutoka Magomeni akiwa amenibeba mgongoni, binti mkubwa mzima, chuma cha mguu kikimgonga pajani kila hatua. Tulirudi nikitembea.

Babu Fundi alinisimamisha mlangoni, mgongo umeegemea mwimo, viatu vimevaliwa na chuma kimefungwa. Alishika kipande cha ubao chini ya kwapa langu, akaingiza vidole viwili kati ya ubao na kwapa, akachora mstari kwa chaki. Kisha akaniambia niuache mkono uning'inie wenyewe, akachora mstari wa pili pale kifundo kilipofika. Hapo ndipo kishikio kingekaa. "Kwapa halibebi mtu, mjukuu wangu," alisema. "Mikono ndiyo inayobeba." Miaka mingi baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza jambo hilo hilo kwa lugha ya darasani: mtu akining'inia kwa makwapa, mishipa ya fahamu inayopita hapo hubanwa, vidole hufa ganzi, na hatimaye kifundo cha mkono hulegea mtu akashindwa kuinua kiganja. Babu Fundi alikuwa ameyaona kwa macho yake kwa wateja waliomjia na magongo ya kuazima.

Magongo yote mawili aliyapasua kutoka ubao mmoja ili yalingane uzito. Kila moja lilikuwa na miti miwili iliyoachana juu na kukutana chini, kishikio katikati, na kipande cha nyongeza kilichotobolewa mashimo kwa kekee. Mashimo yale yalikuwa na maana kubwa. Mtoto hukua, na jozi ya mninga ilikuwa gharama kwa baba aliyekuwa kuli bandarini. Kila nilipoongezeka kimo tulirudi Mtaa wa Sikukuu. Babu Fundi alifungua nati mbili, akashusha kipande kwa shimo moja, akakaza. Jozi ile ilinibeba kutoka darasa la kwanza hadi nilipokaribia kumaliza la saba. Juu aliweka mto wa usufi uliofunikwa kwa ngozi ya mbuzi, kwa sababu, alisema, kitambaa hunywa jasho, na jasho huchubua.

Kisha mpira, na hapo hakuwa na haraka hata kidogo. Alikata duara kutoka kwenye tairi la lori, sehemu nene ya kukanyagia, akichovya kisu kwenye maji kila mara ili kiteleze ndani ya mpira. Fimbo ya chuma ilikuwa imelala kwenye mkaa. Ilipoiva, aliichomeka katikati ya duara akachoma shimo lisilotokea upande wa pili. Moshi mweusi ulipanda na wanywa kahawa wakahama na vikombe vyao. Ncha ya gongo iliingia humo kwa kugongwa. Misumari midogo aliipigilia kutoka ubavuni ikielekea juu, ili hata mpira ukilika chuma kisiguse chini. Mwisho alichora mifereji miwili iliyokatana kwenye uso wa mpira, maji ya mvua yapate pa kupita. Baada ya hapo alinitembeza barazani, mchangani, kisha barabarani kwenye lami, yeye amefumba macho anasikiliza. Gongo moja likilia tofauti na mwenzake alijua limezidi kidogo, akalichukua akalipunguza kwa tupa. Mipira ya kubadilisha hakumtoza mtoto wa shule.

Sipendi kuupamba wakati ule kupita ulivyokuwa. Mtaani kwetu walikuwepo watoto wengine waliopatwa na polio kama mimi ambao walitambaa, wamevaa malapa mikononi ili viganja visichubuke, kwa kuwa hawakupata mtu wa kuwapeleka kwa fundi. Wengine tuliwajua kwa sauti tu, maana wageni walipofika walifungiwa chumbani. Wako wenzangu ambao wangekuwa walimu, mafundi na wazazi, na hawakuwahi kuvuka kizingiti. Mimi nilipata magongo yanayonifaa kwa sababu mama alikataa kusikia neno "haiwezekani", na kwa sababu mzee mmoja wa Rufiji alikubali kupima.

Nyumbani nako kulipimwa. Choo kilikuwa uani, cha shimo, cha kuchuchumaa. Mtu wa magongo hawezi kuchuchumaa, na jambo hili halisemwi kwenye hotuba za siku ya watu wenye ulemavu, ingawa ndilo la kwanza kila alfajiri. Babu Fundi alitengeneza kiti kisicho na mgongo, chenye tundu katikati na miguu iliyopanuka ili kisiyumbe. Mama alikitundika kwenye msumari mlangoni na kukiosha kwa majivu. Kingine kama hicho baba alikipeleka shuleni, na mwalimu mkuu akakubali kikae chooni. Bila kiti kile ningefanya kama wasichana wengine wenye ulemavu walivyofanya: kutokunywa maji tangu asubuhi, na mwishowe kuacha shule. Naamini kiti kile kilinisomesha kama kitabu kilivyonisomesha.

Mtungi wa maji ya kunywa uliinuliwa juu ya benchi ili nichote bila kuinama. Kamba ya kuanikia nguo ilishushwa usawa wa bega langu. Jikoni, kila kitu kilipangwa mstari mmoja: jiko, meza ndogo, beseni la vyombo, vikiwa karibu kiasi kwamba sufuria ya moto niliihamisha kwa kuisukuma, sikuhitaji kuibeba. Kubeba ndiko kunakomsumbua mtu wa magongo kila saa ya siku, maana mikono yote miwili imeajiriwa. Mama alinishonea kikapu cha ukili chenye mkanda mrefu unaopita kifuani. Humo viliingia vitabu, nyanya, mkate, baadaye madaftari ya wanafunzi wangu. Chai haikubebwa kikombeni. Ilikwenda ndani ya chupa yenye kizibo na kumiminwa ninapofika. Niliwaandalia wageni hivyo maisha yangu yote na hakuna aliyekosa chai.

Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, majirani walimwuliza mama nani atambeba. Nilimbeba mwenyewe. Mbeleko niliifunga juu zaidi kuliko wanawake wengine, fundo katikati ya kifua, ili lisigombane na vichwa vya magongo. Niligundua kwamba mtoto akikaa chini sana mgongoni huvuta mwili nyuma, na magongo hutaka mwili uliosogea mbele kidogo. Aliuzoea mwendo ule wa kurusha kiwiliwili. Akilia usiku nilitembea naye ukumbini kwenda na kurudi, naye alilala kwa mdundo wa mipira juu ya saruji.

Mabasi ni hadithi nyingine. Nimeangalia mwaka: Usafiri Dar es Salaam, UDA, ilianza 1974, nami nilikuwa darasa la sita. Kondakta alivaa sare na mkoba wa tiketi, na kwenye njia ya Magomeni nilijulikana. Basi lilisimama, magongo yakatangulia kupokelewa, mimi nikashika nguzo ya mlangoni na kujivuta. Dereva hakuondoa gari kabla sijakaa. Baadaye zilikuja Ikarus ndefu zilizounganishwa katikati, tulizoziita Kumbakumba, nazo zilikuwa na mlango mpana uliotosha mtu na magongo yake. Nyakati zile nilijifunza kuwaambia watu jambo moja ambalo nimelirudia hadi leo: usinishike mkono. Anayenishika kiwiko ananinyang'anya gongo, na tunaanguka wote wawili. Nipe bega, nitalishika mwenyewe. Makondakta wale walilielewa mara moja na kufundishana.

Baada ya Vita vya Kagera mambo yakakaza. Tairi kuukuu likawa mali, kwa kuwa kila mtu alilitaka kwa viatu vya katambuga, na Babu Fundi aliniwekea vipande vya mpira ndani ya kopo juu ya dari yake. Sukari na sabuni zilitaka foleni ya tangu alfajiri. Watu waliweka mawe kushika nafasi zao, na wanawake wa Magomeni waliliweka jiwe langu mbele bila kuombwa, wakaniletea ndoo iliyopinduliwa nikae. Sikupenda kuhurumiwa, ila ile haikuwa huruma. Walijua kusimama kwa magongo muda wa saa nne kunafanya nini kwenye viganja, kwa sababu walinijua tangu nikiwa mtoto.

Mabasi yalipopungua zikaja Chai Maharage, zile pikapu zenye mabenchi mawili yanayotazamana, ambazo mtu aliingilia nyuma kwa kupanda juu ya bampa. Kisha daladala zikaruhusiwa mwaka 1983, na hapo adabu ya kusubiri ilianza kuondoka, maana utingo analipwa kwa safari, na mimi nilikuwa dakika inayopotea. "Mama, panda la nyuma yetu," waliniambia, na la nyuma lilisema hivyo hivyo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi wakati huo. Niliondoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri ili nifike kabla ya kengele. Darasani nilisimama nimeegemea gongo moja kwapani, mkono wa pili una chaki, na nusu ya juu ya ubao niliwaachia wanafunzi warefu waniandikie. Waligombania kazi hiyo. Wengi wao leo ni watu wazima wenye familia, na wakiniona barabarani hunipa bega, wala hawanishiki mkono. Niliwafundisha hilo pamoja na hesabu.

Babu Fundi alifariki mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nilizika pamoja na watu wa mtaa wake, upande wa wanawake, na nyumba nzima ilinukia ubani na mninga. Wanawe wakageukia makochi, kwa kuwa makochi yanalipa. Nyumba ikauzwa, ikabomolewa, likapanda ghorofa lenye maduka ya nguo chini. Nyumba nyingi za Kiswahili za Kariakoo zimekwenda hivyo, na pamoja nazo zimekwenda baraza. Mtu mwenye miguu miwili aliiona baraza kama mahali pa mazungumzo. Kwangu ilikuwa kituo. Kutoka Msimbazi hadi sokoni nilikuwa na baraza zangu ninazozijua, nikipumzisha viganja kila baada ya nyumba kadhaa, na hakuna aliyeniuliza nimekaa kwa nini. Leo mtaa huo huo hauna pa kukaa, isipokuwa uingie dukani ununue.

Magongo ya alumini yalinifikia miaka hiyo hiyo, na nasema wazi kwamba ni baraka. Ni mepesi, hayapasuki kwa jua, kimo chake hurekebishwa kwa kubonyeza kitufe. Mabega yangu yalipona maumivu ya mninga. Tatizo halikuwa kwenye bomba. Lilikuwa kwamba magongo yalianza kuuzwa kama sabuni: chukua, lipa, nenda. Hakuna anayekusimamisha mlangoni. Hakuna anayekusikiliza ukitembea. Vitufe vipo, na watu wanatembea na magongo yaliyo marefu kwao kwa sababu hakuna aliyewaambia vitufe vile ni vya kazi gani.

Miaka iliyofuata imepita upesi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilitungwa 2010. Nilinunua nakala yake na kuisoma yote. Inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3, na inataka majengo ya umma yafikike. Ni sheria nzuri. Bajaji zilipoingia mjini zilituokoa zaidi ya chombo kingine chochote: sakafu iko chini, unaingia ubavuni, magongo yanalala kando ya mguu, na unashushwa mlangoni. Kisha mwaka 2016 yakaanza Mabasi Yaendayo Haraka, tuyaitayo Mwendokasi, na siku niliyosimama kwenye kituo ambacho sakafu yake iko usawa na sakafu ya basi, nikaingia bila kupanda ngazi hata moja, nilifurahi kwa namna ambayo siwezi kumweleza mtu ambaye hajawahi kusubiri utingo amkubali. Kitu kile kinawezekana. Kimejengwa hapa hapa. Anayesema hatuwezi, aende akasimame pale atazame chini.

Kwa hiyo linaniudhi sana ninaloliona kwenye majengo mengine mapya. Marumaru za kung'aa zinawekwa hadi nje, kwenye ngazi zinazonyeshewa mvua, na marumaru iliyolowa haishikwi na mpira wa aina yoyote. Njia ya mteremko inajengwa kwa kuwa mkaguzi ataiuliza, lakini inakuwa kali kiasi kwamba hata mtu mzima wa afya anainama kuipanda. Kipimo kinajulikana kwa wahandisi: kila sentimita moja ya kimo hutaka sentimita 12 za urefu. Mteremko mkali kwangu ni mbaya kuliko ngazi, maana kwenye ngazi gongo hupata pa kusimama. Kwenye mteremko hutafuta pa kusimama na mwili umeshaelekea chini. Na pale ulipojengwa vizuri, pikipiki zimeegeshwa juu yake, au jenereta. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndiyo maana tungependa mjenzi atuite kabla saruji haijakauka.

Kuna badiliko moja ambalo silioni likisemwa. Sisi wa polio tunaisha, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini kwetu alipatikana 1996, na akina mama waliopeleka watoto wao kupata matone ya chanjo ndio waliofanya kazi hiyo. Virusi vilipoonekana tena Malawi mwaka 2022 na wahudumu wakapita nyumba kwa nyumba, niliketi nje ya mlango wangu ili kila mama aliyesita anione. Lakini magongo hayajapungua mitaani. Yameongezeka, na wanaoyatumia ni vijana, wengi wao wametoka kwenye ajali za bodaboda. Wamevunjika paja au mguu, wamewekewa vyuma, wametolewa hospitali na jozi ya magongo na tarehe ya kurudi. Nawaona wakining'inia kwa makwapa, mabega yamepanda masikioni. Nawaona wakishuka ngazi kwa kutanguliza mguu mzima, wakati utaratibu ni kinyume: kupanda, mguu wenye nguvu huanza na magongo hufuata, kushuka, magongo na mguu mgonjwa huanza. Hawakufundishwa. Wazee waliokuwa wakijua hawapo barazani, na baraza zenyewe hazipo.

Kwa hiyo nimekuwa nikiwasimamisha. "Mwanangu, njoo hapa nikuonyeshe." Mwanzoni hushangaa kuona bibi wa miaka sitini na ushei, aliyestaafu, anayetembea kwa shida, anawapima. Kisha wanarekebisha vitufe viwili, wanapiga hatua chache, na uso unabadilika. Mmoja aliniambia ganzi ya vidole ilimwisha siku chache baadaye. Hiyo ni elimu ya Mtaa wa Sikukuu. Haikuandikwa mahali, na ikifa na sisi itabidi igunduliwe upya kwa maumivu ya watu wengine.

Mabega yangu sasa yanadai. Madaktari wanasema wengi tuliopatwa na polio utotoni huongezewa udhaifu uzeeni, misuli iliyofanya kazi ya misuli mingine huchoka. Natembea kidogo kuliko zamani. Ila bado naishi kwangu, napika nikiwa nimekaa, chai yangu iko kwenye chupa, na najitegemea kwa kiasi kinachonitosha.

Ninawaomba wenye maduka waweke mipira ya kubadilisha karibu na magongo, kwa ukubwa wa mabomba wanayouza, na wamfundishe muuzaji kupima. Wajenzi watumie sakafu isiyoteleza na wajenge mteremko kwa kipimo chake. Madereva na makonda wangoje abiria akae. Nawe msomaji, kama nyumbani kwako yuko mtu aliyeanza kutumia magongo, usisubiri kliniki. Mvalishe viatu, msimamishe, acha vidole viwili chini ya kwapa, weka kishikio usawa wa kifundo cha mkono. Muulize choo anakitumiaje na maji anayachotaje. Na kabla ya kumsaidia kupanda, mpe bega.